Watoro na Viziwi

Mwanzoni ilikuwa milango tu.

Mwalimu mkuu ndiye aliyetangulia kumwita mwashi aje kuutazama mlango wa ofisi yake, maana ulikuwa umeanza kugoma. Ukiusukuma unakwama sakafuni. Ukiuvuta unalia kama mbuzi aliyekanyagwa mguu. Mwashi akaung'oa kwenye bawaba, akaulaza juu ya madawati mawili, akaupiga randa ukingo wa chini, kisha akaurudisha. Ukafunga vizuri kabisa. Mvua hazijaisha, akaitwa tena. Safari hii ulikwama upande wa juu.

"Hivi, fundi, mlango huu uliutengeneza au uliubembeleza tu?" mwalimu mkuu aliuliza.

Mwashi hakucheka. Alitoa timazi mfukoni, ule uzi wenye kitonge cha chuma ambao waashi hupimia kama ukuta umesimama wima, akauning'iniza kwenye kona ya jengo. Kitonge kikakaa mbali na ukuta, huko chini, kwa upana wa vidole viwili. Ukuta ule aliuinua kwa mikono yake mwenyewe, na siku alipoumaliza uzi na jiwe vilikuwa vikibusiana kutoka juu hadi chini.

"Mlango hauna kosa," alisema. "Jengo ndilo limeinama."

Kijijini walimwita Timazi, na jina hilo lilikuwa limemganda kiasi kwamba hata mkewe alilitumia. Kuta zake zilinyooka, na maneno yake vilevile: haongezi chumvi, hapunguzi. Watoto wake walikuwa wameshatawanyika kutafuta maisha, akabaki na mke na mama yake mzazi katika nyumba ya mawe karibu na chemchemi.

Kijiji chenyewe kilikaa begani mwa mlima. Nyuma yake palisimama genge la mwamba mweusi. Mbele yake mashamba yaliteremka ngazi kwa ngazi, kila ngazi ikishikiliwa na ukuta wa mawe, mpaka kwenye korongo lenye mto ambao ulisikika tu bila kuonekana. Ng'ambo ya korongo kulikuwa na kigongo kingine, kikavu, chenye mawe mengi kuliko udongo, na huko nako kulikuwa na kijiji. Jogoo wa kule aliwaamsha watu wa huku. Mtu wa kule akipiga chafya, walitania, wa huku humtakia afya njema. Lakini kwenda kwa miguu, kushuka na kupanda, kulimla mtu nusu ya siku na magoti yote mawili.

Juu kabisa, karibu na kilele, palikuwa na mahame: misingi ya nyumba za duara iliyofunikwa na nyasi, na mawe ya kusagia yaliyopasuka. Huko ndiko walikokimbilia watu wa kwanza enzi za vita, wakaishi kama tai, wakitazama vumbi la maadui huko bondeni. Vita vilipokwisha wakashuka, wakiongozwa na ndugu wawili. Mkubwa alilipenda bega la mlima kwa sababu ya chemchemi na udongo wake mweusi. Mdogo alikaa naye misimu michache, kisha akachukua watu wake akavuka korongo.

Kwa nini alivuka? Kila mtoto wa begani alijua jibu. Alikimbia kazi. Kujenga zile ngazi za mashamba kulitaka mgongo, na yeye mgongo alikuwa nao wa kulalia tu. Kwa hiyo watu wa ng'ambo wakaitwa Watoro, wao na wajukuu wao na mbuzi wao. Nao Watoro waliwaita watu wa begani Viziwi. Asili ya jina hilo hakuna aliyejisumbua kuiuliza. Wengi walidhani ni kwa kuwa watu wa begani huongea kwa kelele.

Dada yake Timazi, mkubwa wake, aliolewa na Mtoro. Mama yao hakwenda kwenye harusi. "Ukivuka hilo korongo," alimwambia binti, "usinitazamie." Binti akavuka. Mumewe akaezeka nyumba yao kwa mabati, akayapaka rangi ya buluu, na kutoka begani paa lile lilionekana waziwazi kama kipande cha mbingu kilichodondoka. Mama kila asubuhi alitoka na kigoda chake, akakaa kuota jua akiwa ameligeuzia mgongo.

Baada ya mlango wa mwalimu mkuu ukafuata wa mkunga, kisha wa duka, kisha dirisha la zahanati. Mwalimu mkuu akapeleka habari wilayani, na baada ya kusubiri kwa muda mrefu akaja mtaalamu wa ardhi, mwanamke mfupi mwenye mabuti na sauti ya chini. Alitaka mtu anayejua kupiga mstari ulionyooka. Wakampa Timazi. Wawili hao wakapigilia vigingi vya chuma kwa mstari mmoja kukata kijiji kizima: cha kwanza na cha mwisho kwenye mwamba, vya katikati vyote kwenye udongo. Kisha mtaalamu akaondoka.

Aliporudi mvua zikiwa zimepita, mstari haukuwa mstari tena. Vigingi vya katikati vilikuwa vimeteremka, vyote pamoja, ukawa umejipinda kama upinde wa mwindaji. Timazi alisimama akiutazama. Alijiona kama mgonjwa anayesomewa na daktari majibu ambayo mwili wake ulishamwambia zamani.

Mkutano ulifanyika darasani, watu wazima wakiwa wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Mtaalamu aliwaeleza polepole. Chini ya udongo mweusi kuna tabaka la udongo wa mfinyanzi unaoteleza. Maji yakipenya yanalilainisha, na bega lote linateleza juu yake kama sabuni kwenye sinia.

"Mlima unatembea?" alidakia mjomba wake Timazi, mdogo wake mama, mzee ambaye msiba usipokuwa na mzaha wake huhesabiwa haujafana. "Unakwenda wapi, sokoni?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mtaalamu naye alitabasamu, akangoja.

"Utashuka lini?" aliuliza mkunga.

"Sijui, mama. Huenda mvua zijazo, huenda baada ya miaka kumi. Ila utashuka."

"Mlango wangu haufungi tangu mwaka jana," mkunga alisema, kama anayejisemea.

Mwingine akasema wake vilevile. Mwingine akasema ukuta wake una ufa unaopitisha mkono. Kicheko kikafa chenyewe. Wilaya, mtaalamu aliendelea, inaweza kuwapa viwanja tambarare, mbali, huko kwenye joto na mbu. Au watafute wenyewe pa kujenga karibu. Karibu, penye mwamba imara palikuwa mahali pamoja tu, na hakuna aliyetaka kupataja. Wote walitazama dirishani, ng'ambo.

"Haya," mjomba alisema hatimaye. "Nani ana shemeji huko?"

Wakamgeukia Timazi.

Aliondoka asubuhi pamoja na mjomba. Njiani mjomba alilalamika juu ya magoti, juu ya serikali, juu ya wazee wa zamani waliokosa akili ya kujenga daraja. Mtoni walikunywa maji, wakavua viatu, wakavuka juu ya mawe. Jua lilikuwa limeshapinda walipofika kwenye nyumba ya paa la buluu. Dada alikuwa amekaa kibarazani akichambua maharage. Hakuinuka.

"Karibuni," alisema. "Mmekuja kwa heri au kwa haja?"

"Kwa haja, dada."

"Basi kaeni. Mwenye haja hasimamishwi mlangoni."

Alikuwa amenenepa kidogo, na nywele za pembeni zimekuwa nyeupe. Timazi alimwona mama yake katika namna alivyotupa yale maharage mabovu, kwa ncha ya kidole, bila kuyatazama. Mumewe akatokea nyuma ya nyumba na jembe begani, mtu mrefu wa ukoo ulioongoza kijiji kile tangu mwanzo, akasimama kwa mshangao wa kujifanya.

"Shemeji! Kumbe Viziwi mna miguu? Mimi nilidhani mna midomo tu."

"Tumekuja kutazama kama Watoro mmeshafika mlikokuwa mkikimbilia," mjomba alijibu, na wote wakacheka, isipokuwa dada.

Wakaanza kula. Kisha Timazi akasimulia yote: milango, vigingi, upinde. Hakuongeza neno. Shemeji alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza, ule utani ukamtoka usoni.

"Shemeji," alisema, "unajua kwa nini tunawaita Viziwi?"

"Kwa sababu tuna kelele."

Shemeji alicheka hadi akakohoa, mkewe akampa maji. Alipotulia akaeleza, na aliyaeleza kama mtu anayesimulia jambo ambalo hata mtoto wa kunyonya analijua. Yule ndugu mdogo wa zamani, babu yao, alikuwa mchimba visima. Alipokuwa akichimba kule begani alilaza sikio chini, kama wafanyavyo wachimbaji, akasikia mawe yakisagana ndani ya ardhi. Akamwendea kaka yake. Kaka, hapa hapakai, panakwenda. Kaka akasema ni uvivu unaosagana tumboni mwake. Akarudi mara ya pili, kaka akamfukuza. Akarudi mara ya tatu, safari hii na watu wake, kuaga.

"Alimwambia mkubwa wake: masikio unayo, ila u kiziwi. Ndiyo jina lenu hilo."

Mjomba alikuwa na tonge mdomoni. Aliacha kutafuna.

"Nani aliwaambia hayo?"

"Aliyekuwepo alimwambia mwanawe, naye mwanawe, mpaka likafika kwangu. Na ninyi yenu nani aliwaambia?"

Mjomba akameza. "Hivyohivyo," alisema.

Hapakuwa na wa kuulizwa. Wote waliokuwepo walishakuwa udongo, huku na kule. Timazi alifikiria zile kuta za ngazi alizozikarabati maisha yake yote, akijivunia damu ya mkubwa iliyobeba mawe. Hakuhisi aibu hasa. Alihisi kama mtu aliyegundua kwamba chumba alichozaliwa kina mlango wa pili.

"Viwanja mtapata," shemeji alisema. "Wazee watakaa, watanung'unika, watawapa. Mawe hapa tunayo ya kuuza na ya kutupa. Lakini huyu mwenye nyumba ana lake."

Dada aliweka sahani chini.

"Mama atakuja huku na wengine," alisema. "Hilo halina ubishi, hana pa kubaki. Ila asije kukaa kijiji hiki kama mgeni wa watu baki. Mlango wa kwanza kuupigia hodi uwe huu. Na aje kwa miguu yake. Asibebwe kwenye machela kama gunia, halafu ikawa eti aliletwa."

"Dada, magoti ya mama..."

"Mimi nilishuka lile korongo na sanduku kichwani, peke yangu. Kuna aliyeniuliza kuhusu magoti?"

Shemeji akamtazama Timazi, akainua mabega. "Hapo mimi sisemi. Nikisema nitalala na kuku."

Mama alipopewa ujumbe alikuwa kwenye kigoda chake, mgongo ukielekea ng'ambo kama kawaida.

"Alisema hivyo? Kwa miguu yangu?"

"Ndivyo alivyosema."

"Anajua magoti yangu yalivyo."

"Anajua."

"Mkaidi huyo mtoto."

"Kuna aliyemrithisha," Timazi alisema.

Siku kadhaa mama hakuligusa jambo hilo, na mkewe Timazi akaanza kusema pembeni kwamba mzee atawatia watu aibu. Kisha asubuhi moja kigoda kilibaki ndani. Timazi alimkuta ameshafika ngazi ya tatu ya mashamba, fimbo mkononi, kitambaa kimefungwa kichwani kama mtu aendaye shamba.

"Ungeniambia, mama."

"Ningekuambia ungeita watu, mngenibeba. Tembea."

Ilichukua siku nzima. Kila ukuta aliuegemea kupumzika, na kila ukuta alijua habari yake: huu aliujenga baba yenu mwaka wa nzige, huu uliangukia ng'ombe, hapa ndipo mjomba wenu alijificha asiende shule. Alivishuka vipande vile vya mlima kama anayeaga watu msibani, mmoja mmoja, bila haraka. Mtoni alikaa juu ya jiwe, akatia miguu majini.

"Watu wanasema nilimchukia yule kijana wa Kitoro," alisema ghafla. "Sikumchukia. Kijana mzuri, mrefu. Ningeozesha binti mbali, ningelia nikasahau. Lakini umwoze pale! Unaona moshi wa jiko lake, unajua leo kachelewa kuamka, na huwezi kumfikia. Nikamwambia maneno yale. Kisha nikawa siwezi kutazama."

Timazi akamshika mkono, wakavuka.

Dada alikuwa amewaona tangu asubuhi, wakishuka upande ule kama sisimizi wawili, wakapotea korongoni, wakaibuka upande huu. Hata hivyo, mlango aliufunga. Mama alifika kibarazani akihema, akajishikilia nguzo, akasubiri pumzi irudi.

"Hodi."

"Nani?" sauti ilitoka ndani.

"Mimi."

"Mimi nani?"

Mama alimtazama Timazi, kana kwamba yeye ndiye aliyetunga swali. Kisha akaugeukia mlango.

"Mama yako."

Mlango ukafunguka. Dada alisimama hapo, mikono imejaa unga. Mama aliingia akampita, akatazama chumba chote, jiko, vyungu, picha za wajukuu wasiomjua.

"Maji ya kunywa mnaweka wapi?" aliuliza. "Nakufa kwa kiu."

Dada akamchotea. Alikijaza kikombe kupita kiasi, maji yakamwagika, na mama akasema wamwage yote basi, wasimwachie hata tone. Hapo ndipo wote wawili walipoanza kulia.

Kijiji kilihama wakati wa kiangazi. Watu walibeba mabati, milango, vitanda na kuku, wakashuka na kupanda kama mchwa waliobomolewa kichuguu. Watoro walisaidia, wakatukana, wakasaidia tena. Mbuzi wa Viziwi walikula mboga za Watoro, pakatokea ugomvi, wakapatanishwa. Timazi alijenga tangu alfajiri hadi giza. Mwamba wa kule ulikuwa mgumu, haukubali patasi kirahisi, lakini ukuta ukisimama umesimama. Wilaya ilitoa saruji kiasi, na mtaalamu alikuja mara moja, akanywa chai, akapita nyumba kwa nyumba akifungua na kufunga milango.

Mvua za kwanza zilipita, bega la mlima likabaki pale pale. Za pili zikapita. Watu wakaanza kunong'ona. Walikuwa wameacha udongo mweusi na chemchemi, wamekuja kulima mawe, na kwa ajili ya nini?

"Mlima umeghairi safari," mjomba alitangaza. Akarudi kwenye nyumba yake ya zamani, akaezeka nyasi, akawa analima kule, akija ng'ambo mara mojamoja kupiga soga. Familia mbili tatu zikamfuata wakati wa palizi. Timazi alimwendea kumsihi. Mjomba alimpigapiga begani.

"Mwanangu, wewe ni fundi wa kuta, mimi ni fundi wa kukaa. Nimekaa hapa tangu nizaliwe. Kuhama ni kazi ya vijana."

Mwaka wa tatu mvua zilikuwa kubwa, kisha zikakoma, jua likatoka, watu wakaanika nguo. Timazi alikuwa juu ya jukwaa la miti akiinua ukuta wa nyumba ya mkunga. Alisikia kwanza kimya: ndege wote waliacha kulia. Kisha akaona, ng'ambo, miti ikitembea. Ilitembea imesimama wima, kwa utaratibu, kama watu wanaokwenda kuzika, na nyuma yake nyumba, na shule, na ngazi za mashamba zikijikunja moja juu ya nyingine. Ndipo mngurumo ukafika, na vumbi, na korongo likameza kila kitu. Ule mto usioonekana ulinyamaza kwa mara ya kwanza tangu Timazi azaliwe, mpaka ulipojipasulia njia mpya.

Waliokuwa kule wakipalilia waliona nyufa zikifunguka, wakakimbilia kwenye mwamba, wakapona. Mjomba alionekana mara ya mwisho akielekea chemchemi na ndoo. Walichimba kwa siku nyingi, Watoro na Viziwi bega kwa bega, hata wakashindwa. Hawakumpata.

Katika matanga, watu walikaa kimya sana kwa sababu aliyezoea kuwachekesha ndiye hayupo. Mtu mmoja alijaribu kusema kwamba mzee amekwenda sokoni na mlima wake. Wengine walimtazama vibaya, lakini mama yake Timazi akacheka, akacheka mpaka machozi, na hapo watu wakapata ruhusa ya kupumua. Yeye na binti yake ndio waliopikia wageni wote, wakigombana juu ya chumvi ya maharage, mmoja akiongeza, mwingine akionja na kulaani, sauti zao zikisikika mpaka barabarani.

Matanga yalipoisha Timazi alirudi kwenye jukwaa. Ukuta wa mkunga ulikuwa umefika usawa wa madirisha, na mkunga mwenyewe alikuwa ameketi chini kivulini, akiuliza kama nyumba yake itaisha kabla hajazeeka. Timazi akamwambia inategemea anazeeka kwa kasi gani. Akachukua jiwe, akaligeuza mara mbili mikononi kutafuta uso wake ulionyooka, akaliweka.